Kichwa cha Mwanafunzi: Nasaha kwa Wazazi na Walimu wa Mloka

Kila ifikapo Januari, shule zifunguliwapo na watoto wapya wa darasa la kwanza na wa kidato cha kwanza wakasimama katika paredi yao ya kwanza, hutokea katika vijiji vya Rufiji, tangu Mloka huku juu karibu na lango la hifadhi liitwalo Mtemere hata visiwa vya delta ambako mtoto hufika shule kwa mtumbwi, jambo moja dogo ambalo, lisipotazamwa kwa insafu, huzaa uadui mkubwa baina ya nyumba na shule, nalo ni jambo la nywele. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa kuwa kichwa chake hakikunyolewa. Au amerudi na njia iliyokatwa kwa mkasi katikati ya utosi, nywele za kulia na za kushoto zimesimama, na kijiji kizima kimemwona akipita. Au binti amevuliwa mtandio mbele ya wenzake ili misuko yake ionekane. Baba hughadhibika, mama hulia, mwalimu husema ametimiza kanuni, na mtoto, ambaye ndiye mwenye kichwa, hakuna aliyemuuliza neno.

Muradi wa makala haya si kuwapa wazazi silaha dhidi ya walimu, wala kuwapa walimu hoja za kuwanyamazishia wazazi. Naamini kwa dhati kwamba kanuni ya nywele ni jambo la halali na lenye faida ikitungwa kwa akili, na kwamba mwalimu aisimamiaye kwa upole astahili kuungwa mkono. Lakini naamini vilevile kuwa kanuni hiyo, hata iwe njema kiasi gani, haina haki ya kumtoa mtoto darasani wala ya kumfedhehesha mbele ya watu. Hayo mawili ndiyo nitakayoyashika mpaka mwisho.

Wapo wasemao kuwa kunyoa ni mzigo tuliotwikwa na wageni waliotujengea shule, na kwamba mtoto wa Kiafrika, laiti angeachwa, angefuga nywele zake tangu kuzaliwa hata uzeeni. Kauli hiyo ina sehemu ya kweli, walakini kwa watu wa pwani haikutimia. Kwetu kinyozi alikuwapo kabla ya shule. Mtoto azaliwapo, nywele alizotoka nazo tumboni hunyolewa siku ya saba, na mwenye uwezo hutoa sadaka ya fedha kwa uzito wa nywele zile. Katika mafundisho ya dini ambayo watu wengi wa Rufiji huyafuata, Mtume alikataza kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu, kwa hiyo mzee amkemeaye mjukuu wake kwa kunyoa kiduku hasemi kwa chuki ya ujana tu, bali ana asili ya kulisimamia neno lake. Kwa upande wa pili, kusuka nako ni mila yetu. Alasiri ya Ijumaa au Jumamosi, jamvini chini ya mwembe, binti ameweka kichwa katika mapaja ya shangazi yake, kitana na mafuta ya nazi vipo kando, na vidole vya shangazi vyapita kutoka kwenye paji hadi kisogoni vikiacha mistari iliyonyooka: huo nao ni ufundi, na ni mafunzo, kwa maana hapo ndipo binti asikiapo mengi asiyoweza kuyasikia penginepo. Basi asiseme mtu kwamba kunyoa ni ugeni na kusuka ni asili, au kinyume chake. Yote mawili ni mila, na shule ichaguapo moja kati yake haina budi kutoa sababu.

Sababu zitolewazo na shule zetu aghalabu ni usafi, usawa na nidhamu. Usafi ndio utajwao kwanza, na ndio unaostahili kuchunguzwa zaidi, kwa kuwa ndani yake mna kweli nyingi na dhana nyingi zilizochanganyika.

Kweli ni hii, kwamba nywele fupi huoshwa kwa maji machache na hukauka upesi, na mahali ambapo maji ni taabu hilo si jambo la kupuuzwa. Mtoto wa Mloka anao mto mkubwa mbele ya macho yake, lakini mto huo una mamba na viboko, na mama mwenye busara hamtumi binti yake kwenda kuoga na kuosha nywele ndefu ukingoni jua likizama. Mtoto wa delta, upande wa Kibiti, amezungukwa na maji pande zote, na visima vingi ni vya chumvi. Mimi ningekuwa katika kamati ya shule ya msingi katika mojawapo ya vijiji hivi, ningepiga kura ya nywele fupi kwa wavulana na wasichana, na sababu yangu ingekuwa ndoo ya maji kabla ya sababu nyingine yoyote.

Dhana ni hii, kwamba kunyoa ni dawa ya mapunye. Kunyoa si dawa ya mapunye. Mapunye ni maradhi ya ukungu uingiao katika shina la unywele chini ya ngozi, ambako wembe haufiki wala mafuta ya kupaka hayafiki vema. Dawa yake ni vidonge vitolewavyo zahanati au kituo cha afya, navyo hunywewa kwa majuma mengi, aghalabu sita hadi manane, bila kukatiza hata kama mabaka yameanza kupotea. Si hivyo tu, bali kunyoa kwa namna tunavyonyoa vijijini kwaweza kuwa njia ya kuyaeneza. Tazama yafanyikayo siku moja kabla ya shule kufunguliwa: wembe mmoja, ulionunuliwa kwa ajili hiyo, hupita vichwa vya ndugu watano na wa jirani wawili, ukifutwa katika pembe ya kanga kila kichwa kimalizikapo, na pale ulipokwaruza ngozi hupakwa majivu au chumvi, kazi ikaendelea. Kama katika saba hao mmoja ana mapunye, wote wamepewa nafasi ya kuyapata. Na wembe uliotoka na damu waweza kubeba maradhi makubwa kuliko mapunye, virusi vya ukimwi na homa ya ini vikiwamo.

Kwa hiyo nasaha yangu kwa mzazi ni kwamba kila kichwa kiwe na wembe wake, na wembe uliokwisha kazi utupwe chooni, usirudishwe ukutani ulikochomekwa. Amwendeaye kinyozi wa mashine, kama wale wa mjini Ikwiriri na Kibiti au wale wa vijijini wanaotumia umeme wa jua, asione haya kumwomba apige meno ya mashine kwa brashi na kuyapangusa kwa spiriti kabla ya kuanza, tena amtazame akifanya hivyo. Kinyozi mwema hatachukia. Kitana, kofia na taulo visiazimwe. Mtoto mwenye mabaka ya mviringo yanayonyonyoka nywele apelekwe zahanati kabla ya kupelekwa kwa kinyozi. Na wavulana wakubwa wa sekondari, ambao kisogoni mwao huota vipele vigumu kila wanyolewapo hadi ngozini, waachiwe nywele kidogo, kiasi cha kuziba ngozi tu, kwa sababu vipele hivyo huchochewa na ule ukaribu wa wembe, na vikizoea huacha makovu yasiyoondoka. Mwalimu amwonaye kijana wa namna hiyo akamlazimisha kunyoa upara amemdhuru kwa jina la usafi.

Usawa ni hoja ninayoiheshimu. Tangu Mradi wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza 2019, na tangu kambi za watalii zilipoongezeka pembeni mwa hifadhi, Mloka haikai tena peke yake. Vijana hutoka na kurudi, simu zimeingia kila nyumba, na mtoto huona mitindo ya Dar es Salaam na ya ng'ambo kila jioni. Shule ikiruhusu kila msuko, binti wa mwenye duka atakuja na rasta za kuunganisha zilizomgharimu mama yake fedha na yeye mwenyewe kutwa nzima ya kuketi, na binti wa mkulima wa mpunga, ambaye wazazi wake wako dunguni wakiamia shamba, atakuja na nywele zilizofumuka, na hapo darasa litagawanyika kabla somo halijaanza. Nimeona wasichana werevu wakikwepa shule siku ambayo misuko yao imechakaa na hapana wa kuwasuka. Nywele fupi kwa wote huondoa mashindano hayo. Lakini huo si mlango pekee wa usawa. Msuko mmoja mwepesi, ule wa twende kilioni, usio na nywele za bandia wala shanga, ambao dada au shangazi aweza kuusuka nyumbani bila malipo, hutosha pia kuwaweka wasichana sawa, na shule nyingi za watu binafsi nchini huukubali bila nidhamu kuharibika. Kwa wasichana wa sekondari, waliokwisha kuwa wari na wenye uwezo wa kujitunza, naona ni haki waachiwe kuchagua baina ya nywele fupi na msuko huo mmoja. Tena wengi wao huvaa hijabu kutwa. Ni shida kueleza ni usawa gani unaopotea kwa nywele ambazo haziwi mbele ya macho ya mtu.

Na waipendao hoja ya usawa waifikishe mpaka miguuni. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi na ya sekondari hadi kidato cha nne hutolewa bila ada katika shule za serikali, lakini sare na viatu vimeachwa juu ya mzazi. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia katika nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti, yakachukua chakula na nguo pamoja. Mwalimu amkaguaye mtoto baada ya msiba wa namna hiyo, akamrudisha nyumbani kwa kuwa viatu vyake si vyeusi au shati lake limegeuka rangi kwa tope, ameipima familia badala ya kumpima mtoto. Kanuni ya sare iwe na mlango wa udhuru, na ufunguo wa mlango huo awe nao mwalimu wa darasa ajuaye nyumba za wanafunzi wake.

Juu ya nidhamu sina mengi. Mtoto kutii amri ndogo ni mazoezi ya kutii kubwa, hilo nalikubali, maadamu amri yenyewe imeelezwa.

Yapo mambo mawili ambayo kanuni ya nywele na umbo la nje haina budi kuyapisha. Moja ni imani. Januari 2019 binti mmoja wa wazazi wa Kirastafari, aliyepangiwa kidato cha kwanza katika shule ya Olympic iliyoko Kibera, Nairobi, alikataliwa kwa ajili ya nywele zake za rasta. Baba yake akaenda mahakamani, na tarehe 13 Septemba 2019 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu ya Kenya akahukumu kwamba Urastafari ni imani kama imani nyingine, kwamba nywele zile ni sehemu ya imani hiyo, na kwamba binti aachwe asome. Huko Malawi, jirani zetu wa kusini, Mahakama Kuu mjini Zomba ilitoa hukumu ya mwelekeo huohuo tarehe 8 Mei 2023, ikaamuru shule za serikali ziwapokee watoto wa Kirastafari pamoja na nywele zao. Hukumu za Nairobi na Zomba hazizifungi mahakama za Tanzania, lakini Katiba yetu ya 1977, katika ibara ya 19, inalinda uhuru wa dini kwa maneno yasiyo na utata, na mwalimu mkuu mwenye hadhari hatangoja kesi ifunguliwe hapa kwetu ili ajue la kufanya. Mzazi mwenye udhuru wa imani aupeleke kwa maandishi siku ya kuandikisha mtoto, asingoje paredi. Na mtoto afugaye nywele kwa mapambo tu asijitwike dini asiyoifuata, kwa maana atawaharibia wenye nayo.

La pili ni afya, na hapa namkusudia hasa mtoto mwenye ualbino. Yeye ngozi yake haina kinga ya jua, na jua la bonde la Rufiji ni kali. Kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu na suruali ndefu kwake ni dawa. Nimepata kusikia kofia ikivuliwa paredini kwa kisingizio cha heshima ya bendera, na nasema pasipo kusita kuwa jambo hilo ni dhuluma, kwa maana saratani ya ngozi huanza kwa saa kama hizo zilizokusanyika miaka mingi. Shule imwandikie ruhusa ya kudumu, imkalishe mbali na dirisha lenye jua na karibu na ubao, kwa kuwa macho yake nayo ni dhaifu, na imsaidie mzazi kuuliza katika hospitali ya wilaya juu ya mafuta ya kukinga jua yatengenezwayo Moshi katika hospitali ya KCMC kwa ajili ya watu hawa. Mafundi wa mikeka hawapungui Rufiji. Kofia pana ya ukindu yaweza kusukwa na bibi, na hakuna haja ya kungoja msaada kutoka mbali.

Sasa nije kwenye adhabu, ambapo ugomvi mwingi huzaliwa. Kanuni za adhabu ya viboko zilizowekwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, kama zilivyotengenezwa upya 2002, huruhusu fimbo kwa makosa mazito tu, zisizozidi nne, kwa mkono wa mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa naye idhini ya maandishi, na kila adhabu iandikwe daftarini. Kila asomaye maneno hayo kwa moyo mweupe ataona kwamba nywele zilizozidi kidogo si kosa zito. Na mkasi, je? Kumkata mtoto njia ya nywele ili apite nayo kijijini hadi jioni si adhabu iliyotajwa humo, nayo Sheria ya Mtoto ya 2009 yakataza mtoto kutendewa jambo la kumdhalilisha. Tena ni adhabu mbaya kwa kipimo cha ualimu wenyewe: mtoto husahau somo la siku ile lote, akakumbuka kicheko tu. Kwa binti, kuvuliwa mtandio hadharani ni uvunjaji wa staha ambao baba wa pwani hausahau upesi; akiwa hana budi kukaguliwa, akaguliwe na mwalimu wa kike, chumbani.

Kumrudisha mtoto nyumbani nako, ambako walimu wengi hukuona kuwa adhabu ya upole, kwangu mimi ni nzito kuliko zote. Kwa mtoto akaaye kilomita nyingi kutoka shuleni, katika nchi ambayo tembo hukatiza njia, kurudishwa asubuhi ni kupoteza siku, na mara nyingi siku mbili, kwa kuwa kinyozi yu mbali na fedha haipo hadi baba arudi. Akirudishwa mara kwa mara katika mwaka wa darasa la saba, hutokea akafika kwenye mtihani wa Septemba akiwa na mashimo katika hesabu ambayo nywele fupi haziwezi kuyaziba. Na kama ni binti, ile siku moja nyumbani yaweza kuwa ya kwanza kati ya nyingi, maana wapo wanaongoja apatikane nje ya darasa. Badala yake mwalimu aandike jina, ampe mtoto muda hadi Jumatatu ifuatayo, ampe barua fupi kwa mzazi, na mtoto aketi darasani na nywele zake. Jumatatu ikifika bila kitu, aitwe mzazi. Mtoto abaki darasani vilevile. Shule yenye moyo zaidi yaweza kununua mashine moja na kumwomba mzazi mmoja aijuaye kazi awanyoe watoto wasio na uwezo baada ya vipindi, kwa ridhaa ya wazazi wao, kwa faragha na kwa usafi nilioueleza.

Wazazi nao wana wajibu wao. Haifai mtoto akue akisikia mwalimu akitukanwa sebuleni kwa ajili ya wembe. Ukiona kanuni haikupendezi, mtoto wako aifuate huku wewe ukienda kusema: mwanzo kwa mwalimu wa darasa, kisha kwa mwalimu mkuu, kisha katika kamati ya shule ya msingi au bodi ya sekondari, ambako wazazi wana viti; ukishindwa, kwa afisa elimu kata, na mwisho kwa ofisi ya elimu ya wilaya, Utete kwa watu wa Rufiji na Kibiti kwa watu wa delta. Nenda na barua, taja tarehe, usitaje matusi. Akiwa mtoto amejeruhiwa, anza zahanati upate cheti, ndipo uende kwingine.

Nanyi wanafunzi, najua kwamba kichwa ni chenu na ujana ni wenu, na kutaka kupendeza si dhambi. Likizo ya Juni na ya Desemba ni zenu. Sukeni na nyoeni mpendavyo kwa idhini ya wazazi, na shule ikifunguliwa rudini kwenye kanuni mliyoikuta. Anayeona kanuni ina kasoro aiseme katika baraza la wanafunzi kwa hoja, kama nilivyojaribu kusema mimi hapa, maana kichwa kilichonyolewa hakikatazwi kufikiri.

Kabla shule hazijafungwa mwezi wa Desemba, kamati za shule za Mloka na vijiji jirani na ziitishe mkutano mmoja, kanuni ya nywele na mavazi isomwe kwa sauti, kila sharti liulizwe sababu yake, lisilo na sababu lifutwe, na yanayobaki yaandikwe kwa Kiswahili chepesi katika karatasi moja ambayo kila mzazi ataipokea siku ya kuandikisha mtoto. Chini ya karatasi hiyo liandikwe sharti hili pia: kwamba hakuna mtoto atakayetolewa darasani kwa ajili ya nywele. Wazazi wenzangu, msikose kuhudhuria mkutano huo.